Kadi mbili, mgeni mmoja: kompaila inapodai maktaba imeletwa mara mbili

Swali: Shikamoo mwalimu. Nafundisha vijana kompyuta nyakati za jioni hapa Ngamiani, Tanga. Nimetengeneza lugha ndogo ya programu yenye maneno ya Kiswahili, ili anayeanza asipambane na Kiingereza na mantiki kwa wakati mmoja. Akitaka maktaba, yaani faili la msimbo ulioandikwa tayari, anaandika `leta hesabu`, na majina yote ya humo yanakuwa yake. Shida ni pale maktaba inapoletwa mara mbili. Kompaila yangu, ile programu inayosoma na kutafsiri walichoandika, inasema "KOSA: jina limerudiwa: jumla", basi. Wanafunzi wanakwama, wengine wanafuta mistari ovyo mpaka programu inakufa kabisa. Juzi mmoja aliandika `leta duka` na `leta shule`, akapata kosa ndani ya faili la `hesabu`, ambalo hakuligusa wala hakulileta. Nimeshabadilisha maneno ya ujumbe mara nne. Niuandikeje ueleweke? Na je, kuleta mara mbili kuwe kosa au onyo tu?

Jibu: Marahaba, mwalimu mwenzangu.

Nianze na yule wa juzi, kwa sababu kisa chake kinanionyesha kompaila yako ilivyojengwa hata kabla sijauona msimbo wake. Mwanafunzi hakuleta `hesabu`, kweli. Alileta `duka`, na `duka` kwa ndani inaleta `hesabu`. Akaleta `shule`, nayo inaleta `hesabu` hiyo hiyo. Kompaila yako ikaisoma `hesabu` mara ya kwanza, ikaandika `jumla`, jina lililomo humo, kwenye jedwali lake la majina. Ikaisoma tena kupitia `shule`, ikakuta `jumla` imo tayari, ikapiga kelele. Mtoto hana kosa lolote. Mwenye kosa ni wewe, niwie radhi, na hapo kinachotakiwa ni kimya tu, hata ujumbe mzuri usiwepo.

Fikiria harusi kule Makorora. Upande wa bwana harusi umempelekea kadi mzee fulani. Upande wa bibi harusi nao umempelekea kadi mzee yule yule, maana ni jirani yao. Siku ya siku anafika mzee mmoja mwenye kadi mbili. Atakula sahani moja ya pilau na hakuna wa kugombana naye. Sasa tuseme wanafika wageni wawili, wote wanaitwa Juma, na mwenye shughuli amewaandikia kiti kimoja mbele. Hapo bawabu ana kazi. Kompaila yako ni bawabu anayesoma jina kwenye kadi bila kumtazama mtu usoni, kwa hiyo kesi hizi mbili kwake ni moja.

Nabahatisha kuwa jedwali lako lina safu mbili: jina, na kitu ambacho jina hilo linasimamia. Ukigundua kuwa jina limo, unajua tu kuwa limo. Nani alilileta, mstari wa ngapi, kwa kupitia faili lipi, hayo uliyajua muda mfupi uliopita ukayatupa. Ndiyo sababu ujumbe wako unataja `jumla` kisha unanyamaza: hauna kingine cha kusema. Hata angefufuka Shaaban Robert, aliyezaliwa hapo Vibambani, ukampa akuandikie ujumbe huo, angekwama, kwa kuwa hujampa habari ya kuandika. Kwa hiyo acha maneno kwanza. Rudi kwenye jedwali.

Kila jina lihifadhiwe na mambo matatu zaidi. La kwanza ni asili yake: faili na mstari lilikotangazwa, yaani pale ilipoandikwa `jumla` kwa mara ya kwanza duniani. La pili ni mahali lilipoletwa: faili na mstari wa `leta` ulioliingiza. La tatu ni njia: kama limefika kwa kupitia `duka`, weka kumbukumbu kwamba ni `duka` iliyolialika. Namba chache kwa kila jina. Kompyuta chakavu kuliko zote darasani kwako haitauhisi uzito huo. Kisha jina linapogongana na jina, linganisha asili. Asili zikiwa moja, ni mgeni mmoja mwenye kadi mbili: mpitishe. Asili zikitofautiana, ni akina Juma wawili.

Vile vile, kabla ya kulifungua faili lolote, uliza kama limeshasomwa. Lugha ya Python hufanya hivyo: kila moduli, yaani faili la msimbo, iliyokwisha kusomwa huwekwa kwenye kamusi iitwayo `sys.modules`, na `import` ya pili huchukua ile ile iliyomo bila kusoma faili upya. Ukiongeza hali ya katikati, "linasomwa sasa hivi", utawakamata pia wale wanaoletana kwa mzunguko, `duka` ikiita `shule` na `shule` ikiita `duka`. Lugha ya C haina bahati hiyo. `#include` hunakili maandishi ya faili na kuyabandika pale pale, kama mtu anayeandika barua nzima upya kila anapoitaja. Ndiyo maana waandishi wa C hufunga kila faili la kichwa, lile linaloletwa kwa `#include`, kwa `#ifndef` au `#pragma once`. Hii ya pili haimo katika kanuni rasmi za lugha lakini kompaila kubwa zote zinaielewa. Asiyefunga anaweza kuambiwa kuwa kitu fulani kimefafanuliwa upya. Hata hivyo kuna jambo moja ambalo kompaila ya GCC ililifanya vizuri tangu zamani: juu ya kosa huandika mlolongo, kwamba faili hili limeletwa na lile mstari wa 3, ambalo nalo limeletwa na lile mstari wa 2. Huo mlolongo ndio ninaouita njia. Mwanafunzi wako wa juzi alihitaji hicho tu ili ajue kuwa `hesabu` iliingia nyumbani kwake kwa mlango wa `shule`.

Kuna mtego katika kulinganisha asili, na kwenye chumba cha kompyuta cha vijana utauona mapema. Windows, kwa kawaida yake, haitofautishi herufi kubwa na ndogo katika majina ya mafaili, Linux hutofautisha. Mmoja akiandika `leta Hesabu` na mwingine `leta hesabu`, kwenye Windows faili ni lile lile moja, ila kompaila yako ikilinganisha maandishi itaona mawili. Usilinganishe alichoandika mtu. Uombe mfumo wa kompyuta ukupe anwani kamili na halisi ya faili, kisha linganisha hiyo. Mtego wa pili ni flashi. Kijana anakwenda nyumbani na kazi yake, ananakili na maktaba ya `hesabu` humo humo, anarudi Jumatatu na folda lenye `hesabu` yake mwenyewe. Sasa kweli zipo mbili, pengine moja ni ya mwezi uliopita. Hili ni kosa halali, na bila anwani kamili hakuna atakayeligundua, kwa sababu majina yanafanana herufi kwa herufi.

Kesi hii ya mwisho ndiyo inayokula usiku wa watu wazima, kwa hiyo nikae nayo kidogo.

Binti mmoja aliwahi kuniletea kompyuta yake nyumbani, Raskazoni. Alikuwa anatengeneza programu ya simu ya kuandikia kilo za samaki pale soko la Deep Sea, na kila akiijenga inagoma. Android ilimwambia kwamba klasi fulani (kifungu cha msimbo chenye jina) ya lugha ya Kotlin imerudiwa, imekutwa katika moduli mbili, `kotlin-stdlib` toleo la 1.8 na `kotlin-stdlib-jdk8` toleo la 1.6. Binti akanitazama: "Mwalimu, mimi sijaandika hata moja kati ya hizo." Alikuwa anasema kweli. Kuanzia Kotlin 1.8.0 yaliyokuwa ndani ya `kotlin-stdlib-jdk7` na `kotlin-stdlib-jdk8` yalihamishiwa ndani ya `kotlin-stdlib` yenyewe. Maktaba moja aliyoitumia ilikuja na toleo jipya, nyingine ikaja na jdk8 ya zamani, na klasi zile zile zikakutana mlangoni zikiwa na nguo mbili. Tulipozilazimisha zote ziwe za toleo moja, ugomvi ukaisha.

Wakongwe wa Android wanakumbuka kuwa ujumbe ule umepitia sura tatu. Zamani uliambiwa kwamba mafaili kadhaa ya dex, yaani ya msimbo uliokwisha kutafsiriwa kwa ajili ya Android, yanataja klasi fulani. Mafaili yapi? Tafuta mwenyewe. Baadaye ukaambiwa kuwa aina fulani ya programu imeshakuwepo. Imekuwepo wapi? Kimya. Siku hizi unaambiwa klasi fulani imerudiwa, imekutwa katika moduli hii na moduli ile. Soma hizo tatu kwa mfululizo utaona kwamba hakuna aliyepamba lugha. Kilichoongezeka ni habari. Mtu fulani alikaa akahakikisha kwamba wakati kosa linagunduliwa, majina ya pande zote mbili bado yako mkononi. Bado lakini ujumbe huu wa tatu una pengo, na ndilo lililomliza yule binti: unataja waliogongana bila kutaja waliowaalika. Ili kumjua mwalikaji ilibidi tuendeshe `gradlew app:dependencies`, amri ya Gradle, chombo kinachojenga programu za Android, na kusoma mti mrefu wa maktaba, tawi kwa tawi, kahawa ikipoa. Gradle iliujua mti huo tangu mwanzo.

Lugha ya Rust nayo ilikuwa na kituko cha namna hii. Kwa kuwa Cargo, programu inayoleta maktaba za Rust, inaruhusu matoleo mawili yasiyopatana ya maktaba moja kuishi ndani ya programu moja, mtu alikuwa anaweza kuambiwa, kwa maana, "nilitarajia Kamusi, nimekuta Kamusi". Ukisoma hivyo saa sita usiku unaweza kudhani umerogwa. Baadaye wakaongeza dokezo kwamba huenda yanatumika matoleo mawili tofauti ya maktaba hiyo, na kwa anayetaka kujua mapema ipo `cargo tree -d`, inayoorodhesha maktaba zilizoingia kwa matoleo zaidi ya moja.

Anayenifurahisha katika jambo hili ni Arduino, zile kompyuta ndogo za kuendeshea vifaa. Niliwahi kufunga kipimo cha maji kwenye tangi la nyumbani, nikawa na maktaba moja iliyowekwa mara mbili kwenye folda tofauti. Ile programu yake haikugoma. Ilisema zimekutwa maktaba kadhaa zenye faili hili, kisha mstari mmoja: iliyotumika ni hii, na anwani kamili, mstari wa pili: isiyotumika ni hii, na anwani kamili. Basi. Imefanya uamuzi, imekwambia uamuzi, imekuachia ubishe ukitaka. Kwa anayejifunza, huo ni ungwana mkubwa.

Sasa swali lako la kosa au onyo. Lugha hazikubaliani, na hiyo ikupe uhuru. Java ukileta klasi ile ile mara mbili kwa jina lake kamili hupuuza ya pili bila neno. C# hukubali lakini hutoa onyo, lenye namba CS0105, kwamba nafasi hiyo ya majina ilishatajwa juu. Go hukataa: ukileta `fmt` mara mbili katika faili moja ni kosa, na hukuonyesha tangazo la kwanza liko wapi. Python hainyanyui hata kope. Kwako mimi ningesema onyo. Mtoto aliyeandika `leta hesabu` mstari wa 2 na tena mstari wa 7 mara nyingi amenakili kipande kutoka kwa jirani yake. Kumsimamishia programu kwa hilo ni kumwadhibu kwa kukosa unadhifu tu. Kunyamaza nako kunamficha kitu: ule mstari wa 7 huenda ndio ishara pekee kwamba kipande alichobandika kilikuja na mizigo mingine.

    ONYO L01: maktaba `hesabu` imeshaletwa mstari wa 2, mstari wa 7 hauongezi kitu

Kwa akina Juma wawili, hapo ni kosa bila mjadala, ila uliza kwanza: kosa la saa ngapi? Lugha yako huleta maktaba nzima. Tuseme maktaba `orodha` ina fankisheni, yaani kipande cha msimbo kinachoitwa kwa jina, iitwayo `panga`, ya kupanga vitu kwa mfuatano. Na vijana wako wamejitengenezea maktaba `shamba`, ya mchezo wa kufyeka magugu kwenye shamba la mkonge, na humo mna kitu kiitwacho `panga`, lile la kukatia. Asije mwingine akaleta maktaba ya nyumba za kupanga! Aliyeleta `orodha` na `shamba` bila kulitumia jina `panga` hata mara moja, kwa nini umsumbue? Java hufanya hivyo hivyo: `java.util` na `java.awt` zote zina `List`, na unaweza kuzileta zote mbili nzima nzima kwa alama ya nyota bila tatizo. Kosa linakuja siku utakapoandika `List`, na ujumbe hutaja zote mbili kwamba zinalingana na ulichoandika. Lakini ukileta `java.util.Date` na `java.sql.Date` kila moja kwa jina lake, unakataliwa palepale kwenye mstari wa pili, kwa sababu umetamka kwa kinywa chako mwenyewe. Naona huo ni mgawanyo wa haki. Kwa hiyo kwako:

    KOSA L02: jina `panga` lina maana mbili hapa
      mchezo, mstari wa 9:   panga(majina)

      maana ya kwanza: fankisheni, kutoka maktaba `orodha`
          imeletwa mstari wa 1
      maana ya pili: kitu, kutoka maktaba `shamba`
          imeletwa mstari wa 4

      Andika orodha.panga au shamba.panga

Tazama mstari wa 9 uko juu. Hapo ndipo macho ya mwanafunzi yalipo, hapo ndipo anapopaswa kurekebisha. Mistari ya 1 na 4 ni ushahidi, inakaa chini. Na tazama kwamba hakuna upande unaolaumiwa. Kompaila nyingi huhukumu kwamba aliyetangulia ndiye mwenye haki na wa pili ndiye mhalifu, kwa sababu tu zinasoma faili kutoka juu kwenda chini. Mwanafunzi anayeambiwa "mstari wa 4 una kosa" ataufuta mstari wa 4, na mchezo wake utabaki bila shamba. Hiyo ndiyo "kufuta ovyo" uliyoniandikia. Anafuta pale kidole chako kilipoelekeza.

Mstari wa mwisho, wa suluhisho, uweke pale tu unapokuwa na hakika nao. Rust katika kosa lake E0252 huonyesha mstari ulioleta jina kwanza, mstari ulioleta tena, kisha hupendekeza `as` ili moja lipewe jina jingine. Kwako, siku utakaporuhusu majina yaletwe moja moja, `leta shamba.panga kama pangaLaShamba` itafaa. Ukishauri jambo lisilofaa, ushauri wako wa pili hautasomwa. Go ina mfano mzuri wa mgongano usio na mkosaji: `math/rand` na `crypto/rand`, zote kwa jina fupi ni `rand`, moja ni ya bahati nasibu za kawaida na nyingine ni ya siri na usalama. Anayehitaji zote mbili hana budi kuipa moja jina la kupanga, na, ndiyo, neno hilo tena.

Na kesi ya flashi:

    KOSA L03: maktaba mbili tofauti zina jina `hesabu`
      C:/lugha/maktaba/hesabu
          imeletwa na `duka`, mstari wa 1
      D:/kazi/hesabu
          imeletwa na `mchezo`, mstari wa 3

Hapa sipendekezi suluhisho. Kompaila haijui ipi ni ya kuaminiwa. Mwenye flashi anajua.

Utaniuliza, kwani kukiwa na mgongano nisichague tu ya mwisho, kama Python? Jaribu hili mbele ya darasa. Leta kila kitu kutoka `math`, kisha kila kitu kutoka `cmath`, halafu uombe `sqrt(4)`. Hupati 2.0 uliyozoea, unapata `(2+0j)`, kwa sababu `sqrt` ya namba changamano imekaa juu ya ile ya kawaida kimya kimya. Mtoto wa kidato cha pili anayetafuta kipeo cha pili cha nne akaona herufi j ataamini kompyuta imeharibika. Kimya cha namna hiyo ni kibaya kuliko ujumbe wako wa sasa.

Jambo jingine la ufundi, kwa ufupi. Ukishatoa kosa la mgongano, litie jina hilo alama kwamba limeshalalamikiwa, na kila likitumika tena chini usilitaje. Bila hivyo mgongano mmoja utazaa makosa thelathini, na mwanafunzi huanza kusoma kutoka chini, pale skrini ilipoishia. Go imejiwekea ukomo wa makosa 10 kisha inasema yamezidi. Kwa vijana wako hata 3 yanatosha.

Sasa turudi kwenye maneno, maana hayo nayo yana miiba yake, na hapa waandishi wa kompaila za Kiingereza hawawezi kukusaidia. Ujumbe wa kompaila ni kiunzi chenye tundu: neno fulani linachomekwa kati. Wao huchomeka jina lolote na sentensi inasimama. Sisi tuna ngeli. Ukiandika kiunzi "[...] imeletwa mara mbili" kisha ukachomeka `maktaba`, safi. Ukichomeka kitu cha KI-VI, imeharibika. Kilipaswa kuwa "kimeletwa". Ukichomeka jina alilobuni mwanafunzi, kama `magari` au `mtuWangu`, ngeli yake utaijuaje? Na hapa Tanga, ambako utasahihishwa Kiswahili hata ukiwa unanunua embe, ujumbe wa "kigezo imeletwa" utakuvunjia heshima kabla haujamsaidia mtu. Dawa ni ndogo: usikubali tundu liwe kiima. Tanguliza nomino unayoijua, na kitenzi kifuate hiyo: "jina `magari` limeletwa", "maktaba `hesabu` imeshaletwa". Jina ni LI-YA siku zote, hata likiwa jina la nini. Utaona nimefanya hivyo katika mifano yote mitatu hapo juu.

Hesabu nazo. "Makosa 1" linachekesha. Andika "Idadi ya makosa: 1" na hutahitaji kubadili kitu namba ikiongezeka. "Mstari wa 2" na "mstari wa 5", kila mmoja kwa nafsi yake, badala ya "mistari 2 na 5", ambayo kijana anaweza kuisoma kuwa mistari saba. Na kile kiungo cha -mesha- kitumie bila haya: "imeshaletwa" inabeba ndani yake habari ya kwamba ipo ya mwanzo, habari ambayo "imerudiwa" haina. "Jina limerudiwa" linamwacha mtu akiuliza limerudiwa na nani. Epuka "umekosea", epuka "batili". Mwanafunzi hajakutukana, usimtukane.

Urefu usikutie hofu. Watafiti wa Marekani walifuatilia macho ya wanafunzi 56 wa uhandisi wa programu wakirekebisha makosa, wakachapisha matokeo 2017: kati ya asilimia 13 na 25 ya muda wao ilikwenda katika kusoma ujumbe wa kompaila, na kuusoma kulikuwa kugumu karibu sawa na kusoma msimbo wenyewe. Watu wanasoma, basi. Ujumbe wa mistari minane wenye habari utamalizwa haraka kuliko wa mstari mmoja unaompeleka mtu kutafuta gizani. Ila namba ya kosa, L01, L02, usiiache, ili kijana aliyeko nyumbani aweze kukutumia neno moja kwa simu na wewe ujue.

Mwisho ni namna ya kuhakikisha kwamba haya hayabomoki ukibadilisha kompaila mwezi ujao. Kikosi cha Rust huhifadhi, kwa kila jaribio, faili pembeni lenye ujumbe wote kama unavyotakiwa kutoka, herufi kwa herufi, na kompaila ikitoa kitu tofauti jaribio linaanguka. Fanya hivyo hivyo. Ni folda moja tu na programu ndogo ya kulinganisha. Weka jaribio la `hesabu` iliyoletwa mara mbili, la `panga` mbili, la flashi. Lakini kabla ya hayo yote andika lile la yule mwanafunzi wa juzi, `leta duka` na `leta shule`, na pembeni yake weka faili la matokeo yanayotarajiwa likiwa tupu, bila herufi hata moja ndani.